Unga Ulionukia Limau

Kaka yangu alizaliwa na pua kubwa, na kwa kuwa ukoo wetu haukuwa na kitu kingine cha kujivunia, tuliichukua hiyo hiyo tukaitukuza. Familia nyingine zina daktari, au mtu aliyewahi kupanda ndege. Sisi tulikuwa na pua. Mama alipotaka kujua kama maziwa yamechacha hakuyaonja, alimwita kaka kutoka alikokuwa akicheza, naye alikuja, akainama juu ya sufuria kama hakimu, akainuka na kusema "bado" au "mwaga." Akisema mwaga, yalimwagwa, na maziwa yaliyokwisha kumwagwa hayawezi kumkosoa mtu. Nikitazama nyuma naona sifa zote za kaka zilijengwa kwa njia hiyo, na mimi nilikuwa mmoja wa waashi.

Shuleni pua haikumfaa sana. Hesabu hazina harufu. Alipokua aliuza sabuni, akafukuzwa kwa kuwaambia wateja alichokinusa ndani ya sabuni. Akalinda ghala la mbolea, akaacha mwenyewe, kwa sababu ambazo hata mtu mwenye pua ya kawaida angezielewa. Akaoa, akaachika, mwanamke yule alisema hawezi kuishi na mtu anayeingia nyumbani, akasimama mlangoni, na kutangaza alichokula jirani. Baada ya hapo akahamia chumba cha pili cha ua tunaoishi, akaning'iniza shati lake kwenye msumari, na akawa wetu.

Aliyemtafutia kazi ya kudumu ni mke wangu. Mke wangu ni mkandaji katika tanuri la mikate, na alikuwa mkandaji wa kutajwa hata kabla hatujaoana. Alianza kwa kunipatia mimi kazi ya dirishani, ya kuuza. Kisha mtunza stoo wa zamani alipostaafu, akaenda kwa tajiri wetu akasema ana shemeji. Tajiri ni mwanamke mwembamba, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Alirithi tanuri kwa marehemu mumewe na ameliendesha vizuri kuliko marehemu, jambo ambalo yeye halisemi, ila husubiri mtu alitaje.

"Unajua nini kuhusu unga?" alimuuliza kaka.

"Ukiharibika nitajua kabla ya unga wenyewe, mama," kaka alijibu.

Jibu hilo halina maana yoyote, lakini lilitolewa kwa sauti nzito. Akapewa ufunguo, na koti la stoo la rangi ya kijivu, lenye mikono mirefu. Alilifunga vifungo vyote mpaka vya viganjani, akatembea nalo kama balozi.

Kazi ya mtunza stoo, mahali pengi, ni kupanga, kufagia, na kufunga mlango. Kaka aliona hayo ni mambo ya mikono. Yeye alibuni utaratibu wake. Gunia likifika, alilizunguka kwanza kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Kisha alilitandika kofi moja zito ubavuni, akaweka pua kwenye mshono, akafumba macho. Sote tulisimama kimya. Mchoma mikate aliwahi kutoka tanurini na mwiko wake mrefu, mkate ukiungua, ili tu asikose kuona. Baada ya muda kaka alifumbua macho na kusema "sawa" au "irudishwe," na tajiri, ambaye hakuwa mtu wa kuamini mambo kirahisi, aliliamini hilo.

Msimu mmoja wa mvua, kaka alilipiga kofi gunia lililokuwa limekaa muda mrefu kwenye kona ya nyuma ya stoo, ule ukuta unaogusana na tanuri, palipo na joto na mvuke. Akanusa. Akanusa tena. Akatuita.

"Limau," alisema. "Siyo limau lenyewe. Maganda yake, yakikwanguliwa."

Nilinusa. Kweli, kulikuwa na limau, safi, la kuchoma kidogo puani, kama mtu ameosha meza jikoni. Na mimi nikafumba macho, maana nilidhani kufumba macho ndiyo sehemu ya kazi inayohitaji ujuzi.

"Huu unga umeiva," kaka alisema.

"Unga unaiva?" mke wangu aliuliza.

"Shemeji, wewe kanda tu."

Kuanzia hapo, kila gunia lililotoa limau baada ya kofi lilichorwa nyota kwa chaki na kuwekwa kwenye kona ile ile ya joto, mahali pa heshima. Na kwa sababu magunia mapya yalikuwa hayanukii kitu, kaka akabuni jambo la pili, ambalo mpaka leo najivunia kwamba sikulibuni mimi, ingawa nilishika bakuli. Alichota unga wa nyota uliobaki, bakuli zima, akautia ndani ya gunia jipya na kulishona.

"Harufu ni kama adabu," alinieleza. "Huwezi kuinunua. Unamweka mtoto karibu na mwenye nayo, anajifunza."

Baada ya majuma kadhaa gunia jipya lilipigwa kofi, na kumbe lilikuwa limejifunza.

Upande wa dirishani nilikuwepo mimi. Nimesoma vitabu vingi, na matokeo pekee yanayoonekana ni kwamba naweza kuueleza mkate kwa sentensi ndefu kuliko mkate wenyewe. Nje ya dirisha kulikuwa na ubao mweusi wa kuandikia bei. Mimi niliandika: MKATE WA NYOTA, UMEKANDWA KWA MIKONO, UNA PUMZI YA BUSTANI. Ukweli ni kwamba mkate ukitoka tanurini limau lilikuwa limebaki kidogo sana. Pengo nililiziba kwa maneno. Watu walinunua. Mwalimu mmoja mstaafu alikuja kila asubuhi, akaumega pale pale dirishani, akatafuna na kutazama mbali.

"Kuna limau," alisema. "Lakini ni limau linalojiheshimu."

Nilimwonea wivu kwa sentensi ile. Kesho yake niliiandika ubaoni kama yangu.

Lile neno la mikono nalo lilikuwa langu. Mikate ya kawaida ilikandwa na mashine, yenye mkono wa chuma uliopinda, usiochoka. Lakini ubao ulikuwa umesema mikono, na tajiri ni mtu mwaminifu, kwa hiyo mkate wa nyota ulikandwa na mke wangu, mikono mitupu hadi viwikoni, kila siku. Mume wake aliandika neno moja ili sentensi ikae vizuri, na yeye akalifanyia kazi.

Mikono yake ikaanza kuwasha.

Vilikuwa vipele vidogo vyekundu, vilivyoanzia viganjani na kukoma viwikoni, pale pale unga unapokoma. Mwili wake ulikuwa umechora ramani nzima, imebaki kuandikwa majina tu. Hatukuisoma. Tajiri alimwambia, "Mwanangu, kaa nyumbani upone," akakaa, akapona. Akarudi, akawashwa. Akakaa tena, akapona tena. Akarudi tena. Mchoma mikate akaanza kuja na kikombe chake cha chai kutoka kwao, kimefungwa kwenye kitambaa, akisema ni kwa sababu kile cha kazini kina ufa.

Siku moja wakati wa chai, tajiri aliingia, akasimama mlangoni, akamgeukia kaka.

"Wewe mwenye pua. Hiki ni kitu gani kinachompata shemeji yako?"

Ni muhimu kujua kwamba kaka hajawahi maishani kuulizwa swali akajibu hajui. Hana njia ya kulisema. Alinyanyua kidevu, akavuta hewa kutoka ng'ambo ya meza.

"Upele wa kuambukiza, mama. Unatoka nyumbani. Nahisi ni godoro."

Godoro hilo ni langu pia. Nalilalia kila siku, na sijawahi kuwashwa hata kidole. Nilikuwepo pale, nimeshika kikombe, nikasikia kila neno. Sikusema kitu. Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulisema.

"Basi," tajiri alisema, akimtazama mke wangu bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mkate wa nyota utasimama kwanza. Wewe pima unga, ufunge mikono kwa kitambaa. Juma likiisha mikono haijawa safi, nitaweka mkandaji mwingine. Siwezi kulisha watu mkate unaotoka kwenye upele."

Mke wangu aliweka kikombe chini, akatoka kwenda kwenye mizani. Ile meza ya kukandia anaijua kuliko anavyonijua mimi, na anaisifu zaidi.

Nyumbani alinisubiri nivue viatu.

"Baba watoto, kaa hapo."

Nikakaa.

"Nikiwa nyumbani napona. Nikienda kazini nawashwa. Ninyi wanaume wawili wenye vichwa mmekaa pale mnasema ugonjwa uko nyumbani. Mnataka niwaelezeje, kwa kuimba?"

"Kaka alisema..."

"Kaka yako alinusa godoro langu kutoka chumba cha chai."

"Ana pua kali."

"Basi ainuse na aibu yake. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale."

"Nilikuona. Ulikuwa umekaa kama mfuko wa hamira."

Hakulia. Angelia, ningejua la kufanya. Ningeenda kununua kitu. Alisema tu kwamba kazi hii aliitafuta mwenyewe, akatutafutia na sisi, na sasa ataiacha kama mtu mchafu, na mtaa mzima utajua kwamba amefukuzwa kwa upele. Kisha akakunja shuka, akalitoa godoro nje, akaliegemeza ukutani, juani, mbele ya watu wote, kama mtu anayemleta shahidi.

Siku iliyofuata alikuwa anapima unga wa nyota uliobaki, mikono imefungwa vitambaa. Aliumwaga mezani, akausawazisha kwa ubao wa kukwangulia mpaka ukawa laini kama karatasi, maana ndivyo anavyofanya unga wowote, hata usiokandwa. Wakaitwa chai. Hakunywa sana siku hizo, lakini alikwenda. Aliporudi, akaja dirishani akanivuta shati.

"Nani amegusa meza yangu?"

Hakuna aliyeigusa. Uso wa unga uliokuwa laini ulikuwa umechimbuka, umejaa vinjia na vijilima, kama shamba lililolimwa na mtu mwenye jembe dogo kuliko sindano. Mlango ulikuwa umefungwa. Dirisha limefungwa. Tukasimama tunatazama, na pembeni kabisa, kilima kimoja kikaporomoka chenyewe.

Ninayo lenzi ya kukuzia maandishi madogo. Huisomea maelezo ya chini ya kurasa, ambayo watu wengi huyaruka na kuishi vizuri tu. Niliitoa mfukoni, nikainama.

Niliona unga ukitembea. Vilikuwa vitu vyeupe, vinavyong'aa kama tone la mafuta, vyenye nywele ndefu mgongoni na miguu mingi kuliko nilivyohitaji kuona. Vilipanda, vikashuka, vikapishana, kila kimoja na shughuli zake.

"Nini?" mke wangu aliuliza.

"Kuna watu," nilisema.

Akaninyang'anya lenzi. Akatazama kwa muda mrefu, huku akikuna mkono wake taratibu juu ya kitambaa. Mimi, kwa upande wangu, wazo langu la kwanza lilikuwa ubao. Asubuhi ile, ili wateja wasisahau mkate uliosimama, nilikuwa nimeandika: UTARUDI KARIBUNI, MKATE WENYE UHAI NDANI YAKE. Katika miaka yangu yote ya dirishani, ile ndiyo mara ya kwanza kuandika ukweli mtupu.

Kaka aliitwa. Alitazama kwa lenzi, akanirudishia.

"Vumbi."

"Vumbi lenye miguu, shemeji?" mke wangu alisema.

"Unga bora ni mwepesi. Unapeperuka."

"Dirisha limefungwa."

"Upepo wa mlangoni, basi."

"Mlango nao umefungwa, shemeji. Upepo pekee humu ndani ni wewe."

Kaka akachota unga kidogo, akausugua kati ya vidole, akausogeza puani. Limau likatoka, zuri, safi. "Nusa," alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na kuomba. "Kitu kinachonukia hivi hakiwezi kuwa na ubaya." Hiyo ndiyo imani yote aliyokuwa nayo maishani, nami niliona hakuna haja ya kuibishia kwa lenzi. Akarudi stoo.

Mchana ule alikuja msichana mwenye mikono imara, ameitwa na tajiri aje kuona kazi. Aliibonyeza meza ya kukandia kwa dole gumba, kama mtu anayepima embe. Mke wangu alimwonyesha ubao wa kukwangulia unapotundikwa, akamwambia mguu upi wa meza hucheza na jinsi ya kuutilia kipande cha mti. Alimwambia kwa upole sana. Kaka alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo, na ufunguo mkononi, na alisikia yote hadi mwisho. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga. Katika familia yetu hicho ni kitendo cha kihistoria.

Siku ya pili yake akaja bwana wa kupulizia dawa, kwa ajili ya mende. Ni mtu asiye na haraka, hubeba mtungi wake mgongoni hata akiwa amekaa. Nilimpa mkate wa kawaida na chai dirishani, na kaka akaja akasimama karibu, akiangalia upande mwingine.

"Nina rafiki yangu," kaka alisema. "Ana stoo ya unga."

"Rafiki yako ana tatizo gani?"

"Hana tatizo. Unga wake unanukia limau. Akiupiga kofi."

Bwana wa dawa alitafuna kwanza akamaliza. "Rafiki yako anaupiga unga makofi?"

"Ni utaratibu wake."

"Utitiri huo. Mdudu mdogo, humwoni kwa macho matupu vizuri. Ana vitezi vya mafuta ubavuni, huku nyuma. Ukimshtua anatoa kemikali. Wengine hunukia limau, wengine kama nanaa, inategemea aina. Mmoja akitoa, wenzake wote mbio."

"Kwa nini mbio?"

"Si ndiyo wanavyoitana, bwana. Hana koo la kupigia kelele, anapiga kwa harufu. Anasema kuna hatari, kimbieni."

Kaka alikuwa anakunjua na kukunja kidole kimoja.

"Na mtu akiukanda unga huo kwa mikono?"

"Atajikuna."

"Ataambukiza wengine?"

"Ataambukiza nini? Mdudu anataka unga, si mtu. Ukiacha unga, unapona."

"Na kama," kaka alisema polepole, "mtu akichota bakuli la unga huo, akautia kwenye gunia jipya?"

Bwana wa dawa aliacha kutafuna. "Kwa nini mtu afanye hivyo?"

"Ili gunia lijifunze."

"Mwambie rafiki yako yeye si mtunza stoo. Ni mfugaji."

Alipoondoka kwenda kwa mende wake, kaka aliketi juu ya kreti la mikate, koti limefungwa vifungo vyote. Mimi niliona ni wajibu wangu kuleta faraja.

"Kwa hiyo msimu wote huu," nilisema, "tulikuwa tunafumba macho na kunusa mayowe."

"Usiliandike hilo ubaoni," kaka alisema.

Mtu mwingine angekwenda moja kwa moja kwa tajiri. Kaka alitaka kwanza ushahidi ambao haungehusu pua. Alimwendea tajiri akasema maombi ya mkate wa nyota yamezidi, na mpaka mkandaji mpya aanze, yeye atakanda. Tajiri alimtazama juu ya miwani, akakubali. Kaka akavua koti. Pale kazini tulikuwa hatujawahi kuiona mikono yake. Ilikuwa myeupe kwa kukosa jua, na ya kusikitisha kidogo. Akaitumbukiza kwenye unga wa nyota mpaka viwikoni.

"Shemeji, huo ni unga, si mgomvi wako," mke wangu alimwambia kutoka kwenye mizani. "Usukume kwa kiganja. Kiganja. Hivyo unaubembeleza."

"Nauliza, wewe ulikuwa unafanya hivi kila siku?"

"Kila siku."

Hakuuliza tena. Alikanda vibaya, kwa bidii ya mtu anayelipa kitu, na mikate ikatoka migumu kiasi kwamba niliiuza kwa kuusifu uthabiti wake. Kabla juma halijaisha vipele vikatoka, kuanzia viganjani hadi viwikoni. Sijawahi kuona mtu akifurahia upele namna ile. Alitembea ameinyoosha mikono mbele kama anayepeleka zawadi, akatuchukua mimi na mke wangu, akaingia ofisini kwa tajiri.

"Tazama, mama."

Tajiri alitazama. Kisha akasogeza kiti chake nyuma.

"Kwa hiyo unaambukiza kweli."

"Hapana, mama, hii ni..."

"Ulisema mwenyewe, unatoka nyumbani. Mnakaa nyumba moja?"

"Ua mmoja."

"Basi. Na wewe umeupata." Akatoa pumzi. "Mtaondoka wote. Sina jinsi."

Kaka alibaki na mikono yake hewani. Alikuwa amejichubua siku zote zile ili kumwokoa mtu, na sasa amezama naye. Mimi nilikuwa natafuta namna nzuri ya kulisema. Mke wangu hakunisubiri. Alinishika mkono, akakunja shati langu mpaka kwapani, akaniweka mbele ya meza ya tajiri kama mfano darasani.

"Mama, huyu analala godoro moja na mimi. Tazama."

Mikono yangu ilikuwa safi. Laini, bila alama, mikono ya mtu ambaye hajawahi kufanya kazi. Tajiri aliigeuza upande huu na upande huu. Alikuwa mtu wa akili, na nilimwona akianza kuunganisha: anayelala godoro hilo mzima, anayelala chumba kingine ana upele.

"Wewe umewahi kuugusa unga wa nyota?" aliniuliza.

"Hapana, mama. Mimi huuzungumzia tu."

Ni mara ya pekee katika maisha yangu ambapo uvivu wangu umekuwa na faida kwa familia, na sikuweza hata kujisifu, maana tajiri alikuwa ameshamgeukia kaka.

"Kuna nini kwenye unga?"

Hapo ndipo alipokuwa na njia ya kutokea. Angeweza kusema umeletwa hivyo na wauzaji. Angeweza kusema ni mvua. Nilimjua, nilijua kwamba sababu zote hizo zilikuwa tayari mdomoni. Alizimeza.

"Njoo stoo, mama."

Tukaenda. Alisimama mbele ya gunia la nyota kwenye kona ya joto, akalipiga kofi, bila madaha safari hii. Limau likajaa. Tajiri alifumba macho, masikini, kama sisi wote.

"Si ndiyo hii," alisema. "Harufu yetu."

"Ni ya wadudu, mama. Nikiwapiga wanashtuka, wanaitoa. Wanaambiana wakimbie. Nikiwa nachagua magunia, nilichagua yenye wadudu wengi zaidi. Na mapya niliyatia mbegu kwa bakuli."

Tajiri alifungua macho. "Nimewapa wageni wangu mkate huu."

"Ndiyo, mama."

"Wakaomba tena."

"Ndiyo, mama."

Mke wangu alichota unga, akausawazisha juu ya kifuniko cha ndoo, akatoa lenzi mfukoni mwangu bila kuniomba. Tajiri aliinama, akakaa hivyo muda mrefu, kamba ya miwani ikining'inia juu ya unga. Aliponyoosha mgongo alikuwa na swali moja tu.

"Godoro?"

Kaka alimtazama mke wangu, si tajiri. "Godoro la shemeji yangu sikulinusa, mama. Uliniuliza kitu nisichokijua, nikasema lililokuja. Hana upele wowote wa kuambukiza. Nilimpaka mimi."

Magunia ya nyota yalitolewa yote, stoo ikaoshwa, ikakaushwa, kona ya joto ikaachwa tupu. Yule msichana mwenye mikono imara aliambiwa nafasi haipo, akasikitika, kisha akauliza kuhusu mguu wa meza kama umetengenezwa. Mchoma mikate akaanza kunywa tena kwenye kikombe cha kazini. Ufa ulikuwa umepona. Tajiri alipomwambia mke wangu arudi mezani, mke wangu alisema atarudi, ila kuanzia sasa hakuna gunia litakaloingia kwenye mashine wala mkononi mwake kabla halijamwagwa kidogo, likasawazishwa, na kuachwa mpaka chai iishe. Likichimbuka, linarudi lilikotoka. Na uamuzi ni wake. Kaka atabeba.

"Na pua?" tajiri aliuliza.

"Ataendelea kupumulia, mama," mke wangu alisema.

Mwalimu mstaafu alikuja, akamega mkate mpya, akatafuna, akatazama mbali, akarudi kunitazama mimi.

"Limau limekwenda wapi?"

"Limekimbia," nilisema. Akatikisa kichwa kwa heshima, akidhani nimesema jambo la kina.

Siku zilizofuata, jioni baada ya kazi, kaka na mke wangu waliketi kwenye kizingiti cha ua, kopo moja la dawa ya kupaka kati yao, mikono yote minne imeinuliwa ikauke. Walikuwa wanagombana.

"Shemeji, unachota nyingi. Hiyo ni dawa, si siagi."

"Mikono yangu ni mirefu."

"Mikono yako imekanda siku chache. Yangu imekanda msimu mzima. Toa kidole humo."

Kaka alitoa kidole, akalisukuma kopo kwake, na kusubiri mpaka alipomaliza ndipo akachukua kilichobaki pembezoni. Mimi nilisimama nyuma yao, na mikono yangu safi, nikauliza kama kuna lolote ninaloweza kusaidia.

"Ndiyo," mke wangu alisema bila kugeuka. "Tukune mgongo. Na usiseme kitu."

Nikawakuna, mmoja baada ya mwingine, na sikusema kitu.